Kasha, Kigoda na Kiti cha Enzi: Uhakiki wa Samani za Makanisa ya Pembezoni mwa Dar es Salaam

1. Utangulizi

Katika kurasa za taaluma ya dini uhakiki huelekezwa kwa kawaida kwenye vitabu, mahubiri na nyimbo. Ni mara chache mhakiki akageuza jicho lake kukitazama kiti. Hata hivyo, mtu aingiapo kanisani siku ya Jumapili huziona samani kabla hajasikia neno lolote. Wimbo wa kwanza haujaanza, naye amekwisha kuonyeshwa ni nani aliye mkubwa, ni nani aliye mgeni, na ni nani anayetazamiwa kukaa nje chini ya turubai. Kwa hiyo samani zinahubiri, tena hutangulia kuhubiri.

Katika makala hii tunakusudia kuhakiki samani zinazoonekana siku hizi katika makanisa mengi ya pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, hasa katika Wilaya za Kinondoni na Temeke. Tutazipima kwa historia mbili: historia ya samani za Ufaransa katika Zama za Kati, na historia ya samani za pwani yetu. Msomaji aweza kuuliza, Ufaransa inatuhusu nini? Jibu ni kwamba kile kiti kinachopendwa sana kuwekwa mbele ya makanisa yetu, chenye rangi ya dhahabu, miguu iliyopinda na mgongo mrefu wenye taji, ni mjukuu wa Ufaransa. Si vema kumhukumu mjukuu pasipo kuujua ukoo wake.

Hoja yetu ni moja. Pambo si kosa, wala ufundi mzuri si anasa. Jambo la kuulizwa mbele ya kila samani iliyopambwa ni hili: pambo hili linamheshimu nani, na linamweka nani mbali?

2. Kasha, mama wa samani

Neno la Kifaransa lenye maana ya samani ni "meuble", yaani kitu kinachohamishika. Neno hilo lilizaliwa na maisha yenyewe. Wafalme na makabaila wa Zama za Kati hawakukaa mahali pamoja. Walihama kutoka ngome moja hadi nyingine pamoja na watumishi, mapazia na vyombo vyao. Kuta za mawe zilibaki, samani zilisafiri. Kwa sababu hiyo samani iliyotangulia nyingine zote kwa umuhimu ilikuwa kasha. Njiani lilibeba nguo, hati na vyombo vya fedha. Likifika, lilikuwa benchi la kukalia, meza ya kulia chakula, na wakati mwingine kitanda cha mtumishi.

Makasha ya kwanza yalikuwa mazito na ya kawaida sana. Mbao nene za mwaloni ziligongomelewa misumari, kisha mhunzi akazifunga kwa mikanda ya chuma ili zisifumuke. Hapo ndipo pambo lilipoanzia. Mhunzi aliipinda mikanda yake ikawa kama matawi na mizabibu, na kile kilichokuwa nguvu ya kasha kikawa pia uzuri wake. Kabati la karne ya 12 lililohifadhiwa katika kanisa la monasteri ya zamani ya Aubazine, kusini-kati mwa Ufaransa, linaonyesha hatua iliyofuata. Ni la mwaloni mzito lenye vyuma, lakini ubavuni limechongwa matao madogo kama matao ya kanisa. Seremala alianza kumwiga mwashi.

Mnamo mwaka 1268 hivi, Étienne Boileau, aliyekuwa msimamizi wa mji wa Paris kwa niaba ya mfalme, alikusanya na kuandika kanuni za vyama vya mafundi wa mji huo. Kadiri miaka ilivyopita, watengeneza makasha walizidi kujitenga na maseremala wa mapaa na majengo, wakawa mafundi wa namna ya peke yao. Katika karne ya 14 na ya 15 walieneza njia mpya ya kazi. Badala ya kugongomea mbao nene, waliunda fremu ambayo ulimi wa ubao mmoja huingia katika tundu la ubao mwingine, kisha wakatia paneli nyembamba ndani ya mfuo wa fremu hiyo bila kuibana. Ubao hutanuka wakati wa unyevu na kunywea wakati wa ukavu. Ukibanwa hupasuka, ukiachiwa nafasi hudumu. Kasha likawa jepesi, na ile paneli nyembamba ikawa mahali pazuri pa kuchonga. Wengine walichonga madirisha ya kanisa kuu, wengine walichonga mikunjo kama ya kitambaa kilichokunjwa vizuri. Yaani pambo lile zuri lilitokana na tatizo la ufundi lililotatuliwa vizuri.

Na kiti je? Kiti chenye mgongo na mikono kilikuwa adimu. Aghalabu kilikuwa ni kasha lililoongezewa mgongo mrefu na mbavu. Ukiinua mahali pa kukalia, ndani mna nafasi ya kuwekea vitu. Kilikuwa kimoja chumbani, nacho kilikuwa cha bwana. Wengine walikaa kwenye mabenchi, vigoda au makasha. Kwa hiyo tangu mwanzo mgongo na mikono ya kiti vilitangaza cheo kabla ya kutoa raha. Kiti cha shaba kinachoitwa cha Mfalme Dagobert, kilichohifadhiwa Paris, kinalionyesha jambo hili waziwazi. Sehemu yake ya kale ni ya chini, nayo ina umbo la kigoda cha kukunjwa. Mgongo na mikono viliongezwa baadaye. Abate Suger wa Saint-Denis alikikarabati katika karne ya 12, na mwaka 1804 Napoleon alikikalia akigawa nishani kambini Boulogne. Kigoda kilikua kikawa kiti cha enzi, na kila aliyetaka enzi alikitafuta.

3. Rehema chini ya kiti

Hata hivyo, haitakuwa haki tukisema kwamba samani zote za Zama za Kati zilitumikia ukubwa. Katika kanisa kuu la Amiens, kaskazini mwa Ufaransa, vimo viti vya mwaloni vya makasisi vilivyochongwa kuanzia mwaka 1508 hadi 1519. Vilikuwa 120, na 110 vingalipo. Vimejaa maelfu ya sanamu ndogo: visa vya Yusufu na Musa, na pamoja navyo watu wa mji katika kazi zao za kila siku. Mchongaji mmoja, Jehan Turpin, aliliacha jina lake katika mbao hizo. Huu ndio ufundi wa mwisho wa Zama za Kati, uliofanywa miaka michache tu kabla na baada ya Luther kuzibandika hoja zake mwaka 1517.

Viti vya namna hiyo vina jambo moja dogo ambalo linapaswa kumsimamisha mwanatheolojia. Ibada za sala zilikuwa ndefu, na makasisi na watawa walitakiwa kusimama. Wazee na wagonjwa hawakuweza. Basi seremala alitengeneza kiti cha kukunjwa juu, na chini yake akaweka kibao kidogo. Kiti kikiinuliwa, mzee aliweza kukiegemea kibao hicho huku akionekana amesimama na wenzake. Kibao hicho kiliitwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya rehema. Na ni hapo, mahali palipofichwa chini ya makalio ya mzee aliyechoka, ndipo wachongaji walipoweka baadhi ya kazi zao nzuri kuliko zote. Pambo lilimfuata mdhaifu.

4. Pwani yetu na bara yetu

Tukirudi nyumbani tunakutana na jamaa wa karibu wa samani hizo. Pwani ya Waswahili nayo ilikuwa nchi ya kasha. Lile tunaloliita kasha la Kizanzibari, la msaji, lenye misumari ya shaba iliyopangwa kwa nakshi na saraka ndogo kwa chini, lilisafiri kwa majahazi. Mengi yalitengenezwa India na kuletwa kwa pepo za kaskazi. Kama lile la Ufaransa, lilikuwa sanduku la safari na hazina ya nyumba.

Ipo pia ile samani ambayo jina lake limeingia hata katika Biblia yetu: kiti cha enzi. Waungwana wa Lamu, Pate, Siyu na Mombasa walikuwa na kiti cha mpingo chenye mgongo ulionyooka, mikono, na mahali pa kuwekea miguu. Mgongo wake na mahali pa kukalia vilisukwa kwa kamba nyembamba, na mbao zake zilitiwa vipande vya pembe za ndovu. Vingi tunavyoviona leo katika makumbusho ni vya karne ya 18 na ya 19. Mwanahistoria James de Vere Allen, aliyefanya kazi katika makumbusho ya Lamu, aliandika kuhusu viti hivyo mwaka 1989, na wataalamu wamejadili asili ya umbo lake, wengine wakitazama Misri ya Wamamluki, wengine India na Ureno. Sisi hatuna haja ya kuamua hapa. Linalotuhusu ni matumizi yake. Kiti hicho cha heshima kiliwekwa kwa ajili ya mgeni mheshimiwa. Mwenye nyumba alionyesha uungwana wake kwa kumkalisha mwingine.

Lakini mhakiki mwaminifu hatakisifu kiti hicho akaishia hapo. Pembe zile zilitoka bara, zikibebwa mabegani na vichwani mwa watu hadi Bagamoyo, katika biashara iliyofungamana na biashara ya utumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale Mkunazini likajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Uzuri wa mbao nyeusi na pembe nyeupe una gharama ambayo haikulipwa na aliyekalia. Kila samani ya heshima yafaa iulizwe swali hilo: ni nani aliyelipa?

Bara nako kulikuwa na heshima ya kukalia. Kigoda cha miguu mitatu, kilichochongwa kutoka gogo moja, kilikuwa cha mzee wa kaya na cha mtemi pia. Katika makumbusho ya Berlin kipo kiti cha Unyamwezi kutoka Buruku, chenye mgongo uliochongwa umbo la mwanadamu, kilichochukuliwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Na tunapenda kukumbusha kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha mwaka 2008 nafasi ya uprofesa ya kumuenzi Baba wa Taifa, hakikuiita kiti cha enzi. Kiliiita Kigoda cha Mwalimu Nyerere. Jina hilo lilichaguliwa kwa hekima: ni heshima kubwa iliyokaa karibu na ardhi.

5. Kutoka Keko hadi madhabahuni

Sasa tuiangalie hali yetu. Anayepita Keko, katika Wilaya ya Temeke, anaijua harufu ya vanishi na vumbi la msasa. Kandokando ya barabara vimepangwa vitanda, makabati, meza na makochi, na nyuma yake mafundi wanapiga randa, wanakereza miguu ya meza, wanabana viungo kwa gundi. Mbao laini ya msonobari hutoka Sao Hill huko Mufindi. Mninga na mkongo hutoka katika misitu ya miombo. Upande wa Kinondoni wapo wachongaji wa Mwenge, ambao wengi wao walirithi ufundi wa mpingo kutoka kwa Wamakonde. Jiji hili, basi, halikosi seremala wala mchongaji. Mafundi hawa wawili wako katika jiji moja, lakini ni nadra mtu akaona kazi yao imeungana katika samani moja ya kanisa.

Tunaona nini tunapoingia makanisani, Mbagala, Tandika, Tegeta au Bunju? Mara nyingi tunaona aina tatu za samani. Waumini wamekaa kwenye viti vya plastiki au mabenchi yasiyo na mgongo. Mimbari imetengenezwa kwa mbao nyembamba zilizobandikwa, au kwa kioo. Na nyuma ya mimbari vimesimama viti vitatu au vitano vikubwa vyenye velveti nyekundu, sponji nene, vifungo vya kung'aa na fremu iliyopakwa rangi ya dhahabu, cha katikati kikiwa kirefu kuliko vingine. Desturi hii haina mipaka ya dhehebu. Imeonekana kwanza katika makanisa mapya ya uamsho, lakini sharika zetu nazo zimeifuata.

Tuvikague viti hivyo kama fundi anavyokagua kazi ya fundi. Umbo lake si la Zama za Kati. Miguu iliyopinda kama ya mnyama, makombe, majani yaliyojikunja na rangi ya dhahabu ni mitindo ya majumba ya wafalme wa Ufaransa wa karne ya 17 na ya 18, akina Louis, wakati ambapo kasha la kusafiri lilikuwa limekwisha kusahauliwa na mfalme ameketi Versailles, watu wakimwendea. Tulisema kwamba katika kasha la kale pambo lilitokana na kiungo na paneli. Hapa pambo halitokani na kitu chochote. Aghalabu limetolewa katika kalibu, likapakwa rangi, likabandikwa. Ukilikwangua unakuta mbao dhaifu au plastiki. Viungo vimefichwa kwa sababu havifai kuonyeshwa. Baada ya misimu michache ya mvua za masika rangi hubanduka, sponji huzama, na kiti kilichochangiwa na wajane kwa bahasha hutupwa stoo.

Fundi wa Keko tunamhukumu kwa kiasi. Yeye hutengeneza anachoagizwa. Akiletewa picha ya kiti cha Versailles iliyokatwa gazetini au kuonyeshwa kwenye simu, ataiga, tena kwa ustadi, kwa mninga halisi, na kazi yake itaweza kurekebishwa mtaani kwake. Mara nyingi kiti chake ni imara kuliko kile kilichoshuka bandarini ndani ya kontena. Kosa, kama lipo, ni la mwagizaji, yaani kamati zetu za ujenzi na sisi wachungaji tunaokaa juu ya viti hivyo.

6. Hoja za upande wa pili

Wapo ndugu wanaosema kwamba heshima anayopewa mtumishi ni heshima anayopewa aliyemtuma, na kwamba Mwafrika hamkalishi mzee wake pabaya. Hoja hii ina uzito. Lakini desturi tunayoitaja haiiungi mkono kwa kiasi kinachodhaniwa. Muungwana wa Lamu alimwekea mgeni kiti cha enzi. Hakumwacha mgeni kwenye plastiki ili akikalie yeye. Mzee wa kaya alikuwa na kigoda chake, lakini kigoda hakimwinui mtu juu ya vichwa vya wajukuu wake. Tukitaka kufuata desturi, basi kiti kizuri kuliko vyote kingewekwa karibu na mlango, kwa ajili ya bibi aliyetembea kutoka mbali.

Wengine husema kwamba mambo haya hayana amri wala katazo. Hilo ni kweli, na ni mafundisho yetu wenyewe. Luther alirudi Wittenberg mwaka 1522 akahubiri dhidi ya waliokuwa wakivunja sanamu kwa nguvu, kwa hiyo hatumwalike mtu yeyote achukue shoka. Lakini Fomula ya Konkordia ya mwaka 1577, katika kifungu chake cha kumi, inafundisha kwamba jambo lililo huru halibaki huru pale linapoanza kuuficha ukiri wa Injili. Mtume Yakobo alilijua jambo hili kwa mfano wa samani: tajiri mwenye pete anaonyeshwa mahali pazuri, maskini anaambiwa asimame au akae chini karibu na miguu. Yakobo hakuliita jambo hilo dogo.

Liko pia fundisho lililojificha ndani ya tafsiri yetu. Katika Kitabu cha Kutoka, Bezaleli, fundi anayetajwa kwa jina, anatengeneza sanduku la mti wa mshita lenye kifuniko cha dhahabu. Neno la Kiebrania la kifuniko hicho halina maana ya kiti. Linahusiana na kufunika na upatanisho. Luther alilitafsiri kwa neno la Kijerumani lenye maana ya kiti cha neema, na Biblia yetu ya Kiswahili imeshika njia ileile ikasema kiti cha rehema. Matokeo yake ni ya ajabu: samani iliyopambwa kuliko zote katika Maandiko ni kasha lenye kiti juu yake, kama lile la Zama za Kati, lakini ni kiti ambacho hapana mwanadamu aliyeruhusiwa kukikalia.

7. Hitimisho

Hatupendekezi makanisa matupu. Tunapendekeza kwamba kabla ya kununua, kila kamati ya ujenzi ijiulize mambo matatu. Kwanza, je, pambo hili limetokana na kazi ya samani yenyewe, au limebandikwa ili kuficha udhaifu? Pili, je, linaelekeza macho kwenye meza ya Bwana, mimbari na birika la ubatizo, au kwa mtu aliyekaa nyuma yake? Tatu, je, fedha hizi zimetolewa wakati wazee wetu wana mahali pa kuegemea?

Usharika wenye fedha za viti vitano vya velveti unaweza kumwendea seremala wa Keko na kumwagiza mabenchi ya mninga yenye migongo, na mimbari ya fremu na paneli ambayo viungo vyake vinaonekana. Unaweza kumwomba mchongaji wa Mwenge azichonge paneli hizo: mvuvi wa Kunduchi, mama lishe wa Tandika, kondakta wa daladala, kama wachongaji wa Amiens walivyowachonga watu wa mji wao. Mchungaji atakalia kiti cha mninga hicho hicho, chenye mgongo wa kimo kilekile na wa wengine. Na safu ya mbele, iliyo karibu na meza ya Bwana, iachwe kwa wagonjwa, wajawazito na wazee, nayo ndiyo ipewe nakshi nzuri kuliko zote.